Mji umeshavuka Kiluvya, mipango bado

Ukitaka kujua Dar es Salaam inaishia wapi, achana na ramani, muulize konda wa gari za Maili Moja. Ramani itakwambia mkoa unakoma Kiluvya, na ukishapita hapo umeingia Pwani. Konda hana habari na mpaka huo. Abiria wake analala Kibaha, anaamka saa kumi alfajiri, saa moja na nusu yuko Kariakoo anafungua duka. Kura anapiga kule, riziki anaitafuta huku, na katikati kuna foleni ambayo haina mwenyewe.

Sensa zimeliweka jambo hili wazi kuliko hotuba yoyote. Mwaka 2012 Pwani ilikuwa na watu kama milioni 1.1. Mwaka 2022 walikuwa wamevuka milioni 2. Dar es Salaam katika miaka hiyohiyo ilitoka milioni 4.4 ikafika milioni 5.4. Mkoa ambao tulizoea kuupita tukielekea Morogoro umekaribia kujizidisha mara mbili ndani ya miaka kumi. Sisi tunaoishi huku Pwani tunawajua majirani zetu wapya: waliochoka kodi za Sinza na Tabata, wakabana, wakapata kiwanja cha ishirini kwa ishirini, wakasimamisha chumba na sebule, wakahamia kabla hata ya kupiga plasta. Hawakuhama mji. Mji umehama nao.

Ninachodai ni kimoja. Dar na Pwani zinahitaji meza moja ya kupanga ardhi na usafiri kwa pamoja, yenye wataalamu wa kudumu na fungu lake lenyewe. Simaanishi kikao cha dharura kinachoitishwa mvua zikishaleta balaa.

Hebu tazama hali ilivyo. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Za mitaa na vijijini, tangu mwaka 2017, ni za TARURA. Leseni ya daladala na njia yake ni LATRA. Mwendokasi uko chini ya DART. Reli ni TRC. Ardhi, yaani nani ajenge nini na wapi, iko kwenye halmashauri, kila moja na ofisi yake ya mipango miji. Juu ya hapo kila mkoa una Bodi yake ya Barabara, mwenyekiti akiwa Mkuu wa Mkoa: ya Dar inakaa Dar, ya Pwani inakaa Kibaha. Sisemi hawafanyi kazi. Wapo wanaokesha. Lakini hakuna hata mmoja kati yao ambaye kazi yake ni kuuliza safari nzima ya mtu ikoje, tangu mlangoni kwake mpaka kazini.

Nilihudhuria kikao cha urasimishaji, yaani kupima na kuhalalisha makazi yaliyojengwa bila mpango, kwenye mtaa mmoja huku kwetu, nacho kilinifundisha kuliko semina. Watu wamekaa chini ya mwembe, mchoro umebandikwa kwa gundi ya karatasi ukutani kwa ofisi ya serikali ya mtaa, kijana wa kampuni ya upimaji anaonyesha kwa kalamu nani atakatwa mita ngapi ili barabara ipite. Watu hawakugoma. Kila mmoja alikuwa tayari kutoa kipande chake, maana wote wanajua adha ya kubeba mgonjwa kwa bodaboda usiku. Mzee mmoja, ambaye barabara ilikuwa inamla choo na nusu ya shamba la migomba, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hii barabara mnayonikata mita tatu inakwenda wapi?"

"Inakwenda mpaka mwisho wa mtaa, mzee wangu."

"Na hapo mwisho?"

"Hapo mwisho ni mtaa mwingine. Wao wana kampuni yao ya upimaji."

Watu wakacheka, mwenyekiti naye akacheka, kikao kikaendelea. Baadaye nilikwenda kuangalia huo upande wa pili. Pale barabara ya mzee ilipotakiwa kuendelea pana kiwanja, tayari kina bikoni nne za mpaka, na mwenyewe ameshamwaga tofali. Mitaa miwili, halmashauri moja, michoro miwili isiyojuana. Sasa zidisha hilo kwa wilaya, kisha kwa mikoa, utaelewa kwa nini mtu anayekaa kilomita mbili kutoka lami anaweza kumlipa bodaboda nauli inayokaribiana na ile ya kutoka hapo mpaka mjini.

Kutopanga mapema kunalipiwa baadaye, na anayelipa ni mnyonge. Mwaka 2017 nyumba za pembezoni mwa Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Kisheria Serikali ilikuwa na hoja yake. Lakini zile nyumba zilikuwa na mita za umeme, nyingine zilikuwa na mabomba ya maji. Watu waliishi pale miaka na miaka, ofisi za umma zikiwaona na kuwahudumia, mpaka siku ya X nyekundu ukutani. Barabara pana tuliyoipata ni nzuri, naipita na naisifu. Ila nikipita Kimara Stopover siwezi kusahau kwamba upana ule ungeweza kulindwa tangu mwanzo na mtu mmoja mwenye ramani na pikipiki.

Wapo watakaosema mipango ipo, tatizo ni utekelezaji. Kweli mipango haijawahi kutuishia. Dar es Salaam ilichorewa mpango kabambe mwaka 1949, mwingine 1968, mwingine 1979, yote kwa mikono ya washauri kutoka nje. Kwenye miaka ya 1970, baada ya Madaraka Mikoani, mikoa nayo ilitengenezewa mipango yake ya maendeleo kwa msaada wa wafadhili, Tanga ikiangukia kwa Wajerumani. Kwa hiyo makabrasha tunayo. Ambacho hatukujenga ni ofisi inayobaki pale mshauri akishapanda ndege, inayoujua mji leo na itakayoujua kesho, inayoweza kumwambia mkurugenzi wa halmashauri: huu mchoro usiupitishe, unaziba njia ya basi.

Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ni mfano ninaopenda kuutoa. Upimaji ulikuwa safi: Bunju, Mbweni, Kibada, Mwanagati, Buyuni, mitaa imenyooka hadi raha. Lakini usafiri haukwenda na bikoni. Aliyekuwa na gari akajenga. Asiye na gari akaacha kiwanja kiote majani, au akauza, akarudi kupanga karibu na kituo cha daladala bondeni. Halafu tunashangaa kwa nini watu wanajazana Jangwani na Kigogo kwenye bonde la Msimbazi, wakati kule juu tumewapimia viwanja. Jamani, mtu hakai mahali kwa sababu kumepimwa. Anakaa mahali anapoweza kutoka asubuhi akafika kazini na akabakiwa na hela ya unga.

Na tusidhani ni suala la halmashauri pekee. Mwendokasi wa Kimara ulipoanza Mei 2016, karakana yake kuu ilikuwa imejengwa Jangwani, palepale mto unapomwagia maji kila masika. Mabasi yakaogelea. Ile njia ya Mbagala nayo ilikaa muda mrefu imekamilika, vituo vinang'aa, mabasi hayapo, watu wa Kilwa Road wanang'ang'ania madirisha ya daladala pembeni mwa barabara tupu. Zege lilikuwa na tarehe yake ya kukamilika, mabasi yakawa na hadithi yake nyingine.

Wenzetu wamelifanyaje? Marekani tangu mwaka 1962 sheria inasema eneo la mji lenye watu zaidi ya 50,000 halipati fedha za barabara za serikali kuu mpaka miji na wilaya zake ziwe na mpango wa pamoja wa usafiri. Miji yao ina madhambi yake mengi, na utegemezi wao wa magari binafsi siuonei wivu hata kidogo. Lakini lile sharti la fedha ni la akili: majirani wasiopendana wanalazimika kukaa pamoja kwa sababu mfuko hauwafungukii mmoja mmoja. Nairobi walijaribu kwa njia nyingine. Mwaka 2017 iliundwa mamlaka ya usafiri ya eneo lote la mji mkuu, NaMATA, ikiunganisha Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Wazo zuri kabisa. Ila miaka imepita na mkazi wa Kitengela, kule Kajiado, bado anapanda matatu yaleyale kwenye msongamano uleule, kwa sababu mamlaka ilipewa jina kabla ya kupewa meno.

Hapa najua mtu ataniuliza: si tulikuwa na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, tukaivunja wenyewe Februari 2021? Tuliivunja, na Ilala ikapewa hadhi ya Jiji. Malalamiko dhidi ya ile halmashauri yalikuwa na msingi: haikuwa na eneo lake, ilikaa juu ya manispaa bila nguvu juu yao, na wananchi wengi hawakujua inafanya nini. Lakini ilipoondoka, ile kazi ya kuunganisha manispaa ilibaki bila kiti. Na hata ingekuwepo, isingefika Kibaha wala Mkuranga.

Wala sitaki CDA nyingine, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Ile ya Dodoma ilidumu tangu 1973 hadi 2017, ikapanga mji kwa kiasi chake, lakini ilishika ardhi na mamlaka mpaka wenyeji wakawa wapangaji kwenye mji wao, hawana diwani wa kumwajibisha. Ninachokitaka ni kidogo kuliko hicho: ofisi ya wataalamu, isiyomiliki ardhi wala kukusanya ushuru, inayotumikia mikoa miwili, yenye madiwani wa pande zote kwenye bodi yake pamoja na wamiliki wa daladala na vyama vya bodaboda. Iwe na ramani moja ya pamoja. Kuanzia sifuri hakuna haja, maana vijana wa vyuo na wakazi walishachora mitaa mingi ya Dar kupitia Ramani Huria tangu 2015, wakitembea mtaro kwa mtaro wakiuliza maji hufika wapi. Na iwe na meno mawili tu. La kwanza, mchoro wa mtaa usipitishwe mpaka ionekane barabara zake zinaungana na za jirani. La pili, fedha za maendeleo za barabara zinazovuka mpaka wa halmashauri zipitie hapo.

Kazi ya kuanzia iko wazi. Kwala kuna bandari kavu na viwanda. Soga na Ruvu kuna vituo vya treni ya SGR, na madalali wa viwanja hawajalala: kila tangazo la kiwanja huku siku hizi linataja kituo cha treni, hata kama kutoka hapo mpaka kituoni ni safari ya pikipiki ya kumwombea mtu dua. Kituo ni cha TRC, ardhi inayokizunguka iko kwa halmashauri, barabara ya kuingilia ni ya mwingine, na daladala ya kukutoa hapo inasubiri leseni ya mwingine tena. Mlandizi yote nayo inajengwa hivi sasa, tofali kwa tofali. Kutenga hifadhi ya barabara za basi, stendi na soko kwenye maeneo hayo mwaka huu ni kazi ya wapimaji na vikao vya vijiji, na wenyeji wengi bado wangekubali kutoa mita zao bure wakihakikishiwa kwamba barabara ya kijiji jirani itakutana na yao. Yule mzee wa migomba alikubali. Alisaini karatasi ya kampuni siku ileile, akauliza tu kama atapewa nakala.