Shida iko langoni pa shule

Hakuna kijana wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, asiyejua kwamba matunda yana vitamini. Wote walikaririshwa tangu shule ya msingi. Kwa hiyo bango jingine ukutani la kuwahimiza wale matunda ni rangi tu. Saa ya rekre, yaani mapumziko, biskwi zimeshapangwa langoni, bei inajulikana, na nanasi la kisiwa cha Idjwi liko sokoni Kadutu, zima, na maganda yake.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, yaani mafungu matano ya gramu 80. Ndizi mbivu moja ya kiasi ni fungu. Nusu ya avoka pia. Viazi na muhogo havihesabiwi, hata umalize sahani.

"Kula matunda zaidi" ni agizo lisilo na saa wala mahali. Kijana apange kwa maneno yake: "Kengele ya rekre ikilia, nanunua ndizi kwanza, biskwi baadaye." Tunda alichague yeye. Likichaguliwa na mama, litaishia mkononi mwa jirani yake darasani. Na aanze na yanayomenywa kwa mkono: kipindupindu tunakifahamu huku, na vipande vya nanasi vilivyokatwa kwa kisu cha kusuuzwa kwenye ndoo ile ile tangu asubuhi mimi nisingempa mtoto. Wakitaka nanasi, wachange wanne, likatwe nyumbani kwa kisu na mikono iliyooshwa kwa maji safi.

Mezani, pakua mboga kabla ya bugali, njaa ikiwa bado kali. Lengalenga (mchicha) changa dakika tano hadi saba zinatosha; ikishakuwa uji wa kijani, kijana akiikataa ana haki. Sombe usiiharakishe hivyo: majani ya muhogo yana sianidi, lazima yatwangwe vizuri na yachemke muda mrefu bila kifuniko.

Mazoea hayaji kwa wiki moja. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake, uliofanyika London, ulikuta mtu wa katikati alihitaji siku 66 ili jambo jipya liwe mazoea, na makadirio ya mtu mmoja mmoja yalienda kutoka siku 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kinachoharibu, kwa maoni yangu, ni likizo kubwa: kengele ikinyamaza, ndizi nayo inasahauliwa. Wiki chache kabla shule hazijafungwa, ifungeni ndizi kwenye saa nyingine, tuseme mara sahani za mchana zinapoondolewa mezani.