Kosa la mtandaoni linavuka mpaka, na mtu naye avushwe?

Mtu akikaa nchi moja akafanya kosa kwa simu ao kompyuta, likaumiza watu wa nchi ingine, akabidhiwe kwa ile nchi ao ahukumiwe kule anakokaa? Mimi nasema ahukumiwe kule anakokaa kwanza, lakini ahukumiwe kweli, na hapo ndipo wengi wanapita mbio.

Wanaotaka akabidhiwe wako na haki yao. Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, ukikaribia mpaka wa Petite Barrière rezo ya Rwanda inaingia kwa simu yenyewe, wengi tunatembea na laini mbili, na mama wa soko ya Virunga anaweza kutuma dola 200 kwa namba ya Uganda juu ameonyeshwa picha za balo za nguo kwenye grupu ya WhatsApp ambayo admin wake anaishi Bruxelles, kesho asubuhi amekuwa blocked, picha ya profaili haionekani, pesa imeenda. Utamwambia nini huyo mama, eti mwizi ana nchi yake asiguswe? Tena kuna nchi sheria yenyewe inakosekana: Mei 2000 virusi ya ILOVEYOU ilitoka Manila ikaingia kompyuta mamilioni dunia nzima, kijana alijulikana, lakini Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa kama hilo, kesi ikafutwa, na kumkabidhi nchi ingine haikuwezekana juu kawaida tendo lazima liwe kosa pande zote mbili. Sheria waliitunga muda mfupi baadaye, kwake haikufanya kitu.

Sasa kanuni hiyo hiyo ya kosa pande zote mbili ndiyo inatulinda sisi tunaoandika. Nikiposti kitu hapa kinasomwa kila mahali, na kila nchi ina sheria yake ya habari za uongo na matusi, hata sisi tuko na Code du numérique, sheria yetu ya mambo ya mtandao, ya Machi 2023, nani atazijua zote kabla ya kubonyeza? Mwanafunzi wa Sheffield, Uingereza, Richard O'Dwyer, alikuwa na site ya linki za filamu, Marekani wakamtaka, mwaka 2012 akamaliza kwa kulipa pauni 20,000. Kung'oa mwanafunzi kwao kwa jambo la linki, kwangu ni kupita kiasi.

Lakini tusidanganyane, kukataa kumtoa mtu mara nyingi kunaishia hapo tu. Gary McKinnon aliingia kompyuta za jeshi la Marekani na NASA akiwa London, Oktoba 2012 Uingereza ikakataa kumkabidhi sababu ya afya yake, na Desemba ikasema hata yenyewe haitamshtaki.

Ninachotaka ni kama Ujerumani ilivyojaribu kwa Ignace Murwanashyaka, mkubwa wa FDLR, kundi la waasi wa Rwanda walioko Kivu, aliyekaa Mannheim akiongea na watu wake wa Kivu kwa simu, SMS na email. Walimshika 2009, wakamhukumu wenyewe Stuttgart, miaka 13 mwaka 2015. Mwaka 2018 korti ya juu ilifuta sehemu ya hukumu, akafa 2019 kesi haijarudiwa, basi haki haikukamilika, lakini angalau alisimama mbele ya majaji.

Shida ni kwamba ombi la kumkabidhi mtu linatoka serikali kwenda serikali, na Goma tangu Januari 2025 iko mikononi mwa AFC/M23, waasi wanaopigana na serikali ya Kinshasa. Ndiyo maana nchi anamokaa mshukiwa ipokee malalamiko ya aliyeumizwa moja kwa moja, kupitia avoka (wakili), bila kungoja barua ya Kinshasa.