Eleza, fafanua, jadili: Kiingereza cha bwenini na Kiingereza cha mtihani

Mwanafunzi anayefika shule ya bweni ya kimataifa na Kiingereza cha kubabaisha hachukui muda mrefu kuchangamka. Kufikia muhula wa pili anaomba chumvi mezani, anataniana na wenzake uwanjani, anabishana na matroni kuhusu saa ya kuzima taa. Shule inafurahi, inamwondoa kwenye orodha ya wanaohitaji msaada wa Kiingereza. Kisha jaribio la biolojia linarudi na alama 2 kati ya 7, na kwenye kikao cha walimu mtu anasema mtoto huyu ni mvivu, maana Kiingereza anakijua, tunamsikia kila siku.

Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo kwa miaka kadhaa nikiwa mwalimu wa msaada wa Kiingereza. Kila mara nilirudi kwenye jambo alilolionyesha Jim Cummins, mtafiti wa huko Kanada, mwaka 1979: lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo hazikui kwa mwendo mmoja. Tafiti zake zilizofuata zilionyesha kwamba ya mazungumzo huja ndani ya miaka miwili hivi, ila ile ya kusoma aya ngumu na kujenga hoja kwa maandishi huchukua takriban miaka mitano hadi saba kabla mgeni hajawafikia wenzake waliozaliwa nayo. Diploma ya IB (International Baccalaureate), programu ya kimataifa ya kumalizia sekondari inayosomwa katika shule nyingi za aina hii, ni ya miaka miwili. Mtoto anayeianza sasa atakaa kwenye mtihani wa mwisho kabla Kiingereza chake cha masomo hakijakomaa. Ubishi wote kuhusu namna ya kumsaidia unatokana na hesabu hiyo.

Wapo wanaosema atolewe darasani. Apewe vipindi vyake katika chumba kidogo, yeye na wenzake watano au sita, wafundishwe Kiingereza hatua kwa hatua. Siudharau upande huu. Katika chumba kile mtoto anakosea bila kuchekwa. Nilikuwa na binti kutoka Bukavu aliyesomeshwa kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza. Kwa wiki sita hakufungua mdomo mbele ya darasa zima, lakini kwenye chumba chetu alianza kuongea siku ya tatu. Kwa mtoto aliye mbali na kwao, anayelala na watu ambao jana hakuwajua, saa moja kwa siku ya kutoogopa ni jambo kubwa.

Wengine wanajibu kwamba kila kipindi anachotolewa ni kipindi cha somo anachokikosa. Akirudi, wenzake wamekwishamaliza osmosisi, na sasa ana mapengo mawili: la lugha na la biolojia. Hawa wanataka mwalimu wa msaada aingie darasani, akae karibu na mtoto, afanye kazi na mwalimu wa somo. Nimehamia upande huu polepole, na kilichonihamisha ni neno "eleza".

Katika mitihani ya IB, "describe" inataka picha kamili ya jambo lilivyo. "Explain" inataka hayo pamoja na sababu zake. Mwanafunzi aliyetoka kwenye shule zetu anayasoma yote mawili na kichwani linamjia neno moja, eleza. Anaandika ukurasa mzima, ulionyooka kabisa, wa jinsi mapigo ya moyo yanavyoongezeka mtu anapokimbia, wala hagusi kwa nini. Anapoteza nusu ya alama na hajui amekosea wapi, kwa sababu kila alichoandika ni kweli. Kosa hili huwezi kuliona ukiwa chumba cha pili unafundisha nyakati za vitenzi. Unaliona ukiwa umeketi naye, karatasi ya biolojia ikiwa mbele yenu.

Hisabati nayo ina mitego yake. "5 less than x" ni x − 5, lakini mtoto anafuata mpangilio wa maneno na kuandika 5 − x. Mwalimu wa hisabati anadhani hajui aljebra. Mwambie kwa Kiswahili, toa 5 kwenye x, naye anaipata papo hapo.

Mfano huo ndio unaonifanya niamini kwamba lugha ambayo mtoto anakuja nayo ni zana ya kazi. Mwenye kuijua dhana ya usanisinuru, kwa jina hilohilo alilofundishwa shule ya msingi, hana haja ya kufundishwa upya majani yanafanya nini na mwanga wa jua. Anadaiwa jina jipya tu. Nimewaachia wanafunzi wapange hoja zao kwa Kiswahili au Kifaransa wakati wa prepo, kisha waandike kwa Kiingereza, na maandishi yao yamekuwa na mifupa.

Pingamizi zito dhidi ya upande wangu ni la watu na fedha. Mwanafunzi wa diploma ana masomo sita, na mwalimu wa msaada hawezi kuwa madarasa sita kwa wakati mmoja. Akiwa peke yake shuleni, chumba kidogo kinamwezesha kuwaona watoto wengi zaidi. Kwa hiyo ningegawa hivi: chumba katika muhula wa kwanza, kwa ajili ya woga, baada ya hapo saa zote ziende kwenye sayansi, historia na prepo.

Linabaki suala la bwenini, ambako shule nyingi zinaamuru Kiingereza tu. Kibao cha kuvalishwa shingoni aliyenaswa akiongea lugha ya kwao tunakijua katika shule za Kenya, na watoto wa Wales walivalishwa chao katika karne ya 19, kikiwa na herufi W.N., kwa kosa la kuongea Kiwelisi. Aibu ile haikumfundisha mtoto kuandika hoja. Hata hivyo amri ya leo ina upande wake wa haki, na wanaoipinga huupita haraka mno. Chumba cha watoto wanne, watatu wanapiga soga kwa Kiswahili, wa nne ametoka Korea na amelala ameugeukia ukuta. Nimemwona mtoto huyo. Kwake Kiingereza ndicho mlango pekee wa kuingilia.

Lakini adabu ya jambo hili tunayo tayari. Wachaga wawili wakiongea kilugha, akaingia mgeni asiyekijua, wanahamia Kiswahili bila kuamriwa, na asiyefanya hivyo anaonekana hakulelewa. Sheria ya bweni ingeweza kusimama juu ya hilo: aliyepo ndiye anayeamua lugha. Wakiwa watatu wenye Kiswahili chao, waachwe waongee. Akiingia wa nne, wabadilishe.

Wazazi wananiuliza, na wana haki ya kuuliza, kama walilipa ada ile ili mtoto aongee Kiswahili. Huwa nawaonyesha kanuni ya IB yenyewe. Mwanafunzi anaweza kuchukua fasihi ya Kiswahili kama lugha yake ya kwanza, hata kwa kujisomea chini ya usimamizi wa shule. Akipata alama 3 au zaidi humo, na 3 au zaidi katika somo kama biolojia au historia alilofanyia mtihani kwa Kiingereza, anatunukiwa diploma ya lugha mbili. Wengi hawajawahi kuambiwa.

Kuna mtoto mmoja ambaye hoja yangu inamfaa kwa shida. Ni yule aliyesoma mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea, akiwa na Kiswahili cha nyumbani na mtaani kisichowahi kuandika insha, na Kiingereza cha kukariri. Neno usanisinuru hana. Kumwambia apange hoja kwa lugha yake ni kumtuma kisimani bila ndoo. Kwake ninaanza na kitabu cha sayansi cha shule ya msingi kilichoandikwa kwa Kiswahili, kurasa mbili kila jioni baada ya prepo, na sura hiyohiyo kwa Kiingereza asubuhi.