Texas hakuna ushuru? Muulizeni aliyelipa bili ya Januari

Wiki hii ule ujumbe umezunguka tena kwenye kundi letu la WhatsApp la Wakenya wa Minnesota: "Watu wangu, mnangoja nini kwenye baridi? Hamieni Texas, huko hakuna ushuru." Vidole gumba vikamiminika. Mmoja akaulizia bei ya lori la kuhamisha vyombo. Hakuna aliyeuliza ni ushuru upi ambao haupo.

Nimekasirika kwa sababu wengi wanaousoma ni watu wanaopiga shifti mbili kwenye nyumba za wazee kule Brooklyn Park, mji wa Minnesota, wakisinzia garini katikati. Hao ndio watakaoumia.

Ni kweli, Texas haikati ushuru wa mapato, na tangu 2019 katiba yake inakataza kuuanzisha. Minnesota hukata kuanzia asilimia 5.35 hadi 9.85. Lakini ushuru wa serikali kuu ya Marekani, pamoja na ile asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare (pensheni na bima ya afya ya uzeeni), utakufuata popote uendako.

Sasa chukua mama anayelea watoto wawili peke yake kwa dola 38,000 kwa mwaka. Ukishatoa mapunguzo yake na ya watoto, ushuru wa Minnesota unaobaki ni kama dola 300 hivi. Halafu, tangu 2023, jimbo linatoa hadi dola 1,750 kwa kila mtoto, pesa ambayo hupungua kadiri kipato kinavyopanda. Kwa kipato chake, mama huyu bado anarudishiwa zaidi ya dola 2,000. Jimbo linamlipa yeye! Na kama anaishi nyumba ya kupanga, kuna pesa wanazorudishiwa wapangaji pia. Akihamia Houston, hayo yote ameyaaga.

Jimbo lisilogusa mshahara lazima lichukue pesa mahali, na Texas inazichukua kwenye ushuru wa nyumba wa kila mwaka. Dada yetu mmoja alinunua nyumba mpya kabisa nje ya Houston. Mwaka wa kwanza malipo ya kila mwezi yalikuwa mepesi, akatutumia picha za jikoni, tukafurahi naye. Kumbe kaunti hukadiria thamani Januari mosi, na siku hiyo pale palikuwa kiwanja kitupu, hata ukuta haujasimama. Mwaka wa pili nyumba ikakadiriwa nzima, pamoja na tozo ya MUD, ile wilaya ya maji inayolipia deni la mabomba na mitaro ya mtaa mpya. Benki, ili kuziba pengo la akaunti ya eskro, ile inayowekewa pesa za ushuru wa nyumba kila mwezi, ikapandisha malipo yake kwa zaidi ya dola 500 kwa mwezi. Alinipigia simu barua ikiwa mkononi, akanisomea mstari kwa mstari: shule, kaunti, hospitali, chuo, MUD. Mshahara wake haukuwa umepanda hata senti. Siku ya kununua alipewa rundo la karatasi atie sahihi, na hakuna aliyeketi naye kumweleza. Hili ndilo linaloniuma.

Ipo nafuu kwa anayeishi kwenye nyumba yake: kuanzia 2025, dola 140,000 za kwanza za thamani haziguswi na sehemu ya shule kwenye ushuru wa nyumba. Ni nafuu kubwa, sikatai. Lakini lazima uiombe, na mpangaji haimfikii. Anayekupangisha analipa ushuru kamili, na kodi ya pango unayomlipa kila mwezi ndiyo inayoubeba. Hata familia ya dola 70,000 yenye watoto wawili, ambayo Minnesota huikata kama dola 1,600, inaweza kuzimaliza zote kwenye tofauti ya ushuru wa nyumba kati ya majimbo haya mawili peke yake.

Nakubali, shingo upande, kwamba mke na mume wanaoingiza dola 250,000 wataokoa zaidi ya dola 10,000 za ushuru wa mapato kwa mwaka. Hao wahame. Kuhusu baridi sibishani na mtu.

Wanaotaja Seattle au Tennessee, ambako nako mshahara haukatwi ushuru wa jimbo, wajue: Seattle karibu kila wanachonunua dukani, ukiacha vyakula vya kupika, kinaongezwa zaidi ya asilimia 10. Tennessee hutoza hata unga. Na wewe unayetangulia Dallas ukimwacha mke na watoto huku: Minnesota inaweza kukuhesabu bado mkazi wake, na ikadai ushuru wa mshahara unaoupata Texas.

Kaunti za Texas zina ofisi za ukadiriaji, na tovuti zao ziko wazi kwa kila mtu. Andika anwani ya nyumba unayoitaka, kisha anwani ya jirani aliyeishi hapo miaka mitatu, uone kila mmoja anadaiwa nini. Kama ni nyumba mpya, mwambie wakala akupigie hesabu ya malipo ya mwaka wa pili, kwa maandishi, kabla hujatia sahihi popote.