Rada ya angani na mikondo ya Ziwa Viktoria

Aprili 2020 kisiwa cha matete kilichong'oka ufukweni kilielea hadi Jinja, kikaziba mitambo ya bwawa la Nalubaale, na Uganda nzima ikakosa umeme. Upepo na mkondo ndivyo vilivyokiendesha. Basi kuijua mikondo ya ziwa si kazi ya wanasayansi peke yao, na wanaotaka tuipime kwa rada ya setilaiti wana hoja nzito.

Setilaiti ya rada ya Ulaya, Sentinel-1, iliyoanza kurushwa 2014, hutuma mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 5 na nusu hivi. Yakigonga viwimbi vidogo juu ya maji, mwangwi hurudi. Maji yakiisogelea setilaiti, masafa ya mwangwi, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, hupanda kidogo. Yakienda mbali nayo, hushuka. Badiliko hilo ndilo linaloonyesha mwendo wa maji. Mawingu na giza haviizuii, na data zake hutolewa bure.

Hoja inayonigusa zaidi ni ya ziwa lenyewe. Nchi za pwani husimamisha rada ufukweni kupima mikondo, lakini mawimbi ya rada hizo hubebwa na chumvi ya bahari. Kwenye maji yasiyo na chumvi hufifia upesi. Njia nyingine ni setilaiti zinazopima kimo cha maji, kisha mkondo ukakokotolewa kwa mteremko wa maji na mzunguko wa dunia. Hesabu hiyo huvunjika kwenye ikweta, na ikweta inalikata ziwa letu hapo kati ya Entebbe na Kalangala. Mbinu zinazowafaa wengine baharini kwetu zinagoma.

Hata hivyo, wapinzani wa rada hawakosei. Ziwa likitulia kama kioo, mwangwi haurudi na picha huwa nyeusi. Pia mawimbi yanayosukumwa na upepo huchanganya kipimo, pengine kuliko mkondo wenyewe, na lazima yaondolewe kwa hesabu. Rada huona tu mwendo wa kuisogelea au kuiacha. Mkondo unaokatiza huipita bila kuonekana. Zaidi ya yote, setilaiti moja huirudia njia ileile baada ya siku 12, ilhali upepo wa ziwa hugeuka kati ya mchana na usiku. Anayevuka kutoka Kasenyi kwenda visiwani leo usiku hawezi kuingojea.

Kwa hiyo ningepinga kumuuzia mvuvi rada kama kinga yake. Ila kwa kuchora tabia ya mikondo miaka nenda rudi, ili tujue gugu maji na visiwa vya matete huelekea wapi, ningeitetea, mradi fedha za kwanza ziende kwenye maboya yenye GPS ya kuhakikishia vipimo vyake. Sentinel-1 hupita karibu na mapambazuko au machweo. Jioni hizo mvuvi wa mukene, dagaa wa ziwani, ndipo anapotoka mwaloni na taa zake, na anaweza kuliachia boya majini njiani.