Corona Ilivyonipokonya Kisingizio

Kila mwenye familia ana kisingizio chake anachokitunza kama cheti cha ndoa. Changu kilikuwa na maneno mawili tu: sina muda. Kwa maneno hayo nimeishi miaka mingi na mlango wa kabati la nguo ulioachia bawaba ya juu, unaning'inia kama mlevi aliyeshikwa bega na mwenzake. Mama watoto akiuliza, namjibu huku navaa viatu: "Mke wangu, si unaona nilivyobanwa?" Ananyamaza. Angesema nini? Natoka gizani, narudi gizani.

Basi, tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba corona sasa ni janga la dunia nzima, na muda si muda tukaambiwa kila mtu abaki kwake. Wenzangu walisikia habari ya virusi. Mke wangu alisikia habari ya mlango. Usiku ule ule nilikuta bisibisi juu ya mto wangu.

Nikasema sawa, ila mambo yaende kwa mpango. Nikachukua karatasi, rula na kalamu za rangi za watoto, nikachora ratiba. Saa 11 alfajiri, mazoezi. Saa 12, kusoma kitabu. Saa 1, kifungua kinywa cha pamoja bila simu. Saa 10 jioni, mlango. Vichwa vya habari nikavipigia mistari kwa rangi mbili, nikaibandika kwenye friji, kisha nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Kazi hiyo ilinichosha kiasi kwamba siku ile ikabidi nipumzike.

Mazoezi niliyafanya siku mbili. Ya kwanza niliruka sebuleni mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Ya pili nikachagua mazoezi ya kunyoosha viungo, yanayofanywa ukiwa umelala chali kwenye zulia. Nilinyooka hadi saa 3.

Hapo sasa wakaingia wahamasishaji wa kwenye simu. Jamani, hao watu! "Mwaka 1665 tauni ilipofunga Chuo Kikuu cha Cambridge, Isaac Newton alirudi kwao kijijini akatafakari nguvu za mvutano. Je, wewe umefanya nini?" Nikaenda kuzisoma habari za huyu bwana. Alikuwa na miaka 22, hana mke, na hakuoa mpaka anaingia kaburini. Mpeni Newton watoto watatu, mmoja amempanda mgongoni, wa pili anataka kupelekwa chooni, wa tatu kaficha rimoti, tuone kama atagundua hata miwani yake ilipo.

Maana shule nazo zilifungwa. UNESCO walihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walioachwa nje ya madarasa. Hao wengine sijui walikokuwa, ila watatu walikuwa wamekalia kompyuta yangu. Kifungua mimba akaniletea hesabu za kugawanya sehemu. Nikamwambia ni rahisi, geuza ya pili, kisha zidisha. Akaniuliza, "Kwa nini tunaigeuza?" Nikamwambia ndivyo inavyofanywa. "Lakini kwa nini, baba?" Nikamtazama. Miaka yote hii nageuza sehemu za watu bila kujua zimenikosea nini. Nikamtuma kwa mama yake, mama yake akamrudisha, mtoto akapita korido ile mara nne kama barua isiyo na anwani.

Ofisi yangu ikahamia bafuni, mahali pekee penye komeo. Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, shati la kazini juu, kaptula ya kulalia chini. Tulitumia programu ya bure inayokata mkutano baada ya dakika 40, na sijawahi kupenda ubahili wa mtu kama nilivyoupenda huo. Siku moja nilisahau komeo, na kipaza sauti nilikuwa nimekiacha wazi. Kitinda mimba akasukuma mlango, akasimama mbele ya kamera na mswaki mdomoni: "Baba, mama anasema ukimaliza kujifanya unafanya kazi, uje utengeneze kabati."

Kimya. Watu 14 kwenye kioo, hakuna anayepepesa. Kisha bosi akakohoa. "Mimi wangu ananisubiri na bomba la jikoni," akasema, na mkutano ukafungwa dakika ya 22.

Wiki ya tatu nikaanza kuishiwa. Jumanne na Alhamisi zikawa mapacha. Kitabu cha saa 12 kikawa cha kuwekea kikombe. Hata ndevu nikaziacha zijiendeshe zenyewe. Nikijitetea kwamba karantini si mchezo, kwamba neno lenyewe limetoka Venice, ambako wakati wa tauni meli zilizuiliwa siku 40 kabla ya kushusha watu, mama watoto anasema, "Na siku 40 hizo hawakuziba hata tundu moja la meli?" Nikamwambia hata Olimpiki ya Tokyo imepigwa kalenda, sembuse bawaba. Hakuinua hata macho. "Wao wametaja tarehe, 23 Julai 2021. Taja yako."

Sikutaja.

Mchana mmoja nyumba yote ililala. Nikaketi sakafuni mbele ya kabati. Bisibisi ipo mkononi, skrubu nne zipo kwenye kisahani, simu haiiti, hakuna anayenililia. Muda uko tele, nauona kabisa, umekaa pale pembeni yangu umekunja nne. Nikazitazama zile skrubu. Zikanitazama. Kwa takriban saa nzima hatukuelewana. Mwishowe nikainuka kwenda kunawa mikono, sekunde 20 kamili kama tulivyoelekezwa, na kwa tahadhari nikarudia mara ya pili.

Jioni nilikuta mlango umefungwa vizuri, haujining'inizi hata kidogo. Moyo ukaniruka. Kumbe mama watoto alikuwa amebandua ratiba kwenye friji, akaikunja mara nne, akaipachika kwenye upenyo kama kabari.

Siku tuliyotangaziwa kurudi kazini nilinyoa ndevu, nikaivuta suruali, ikagoma kufunga kifungo, nikaificha aibu hiyo kwa mkanda. Nikalivuta kabati kutafuta shati. Karatasi ikadondoka miguuni, ikajifungua yenyewe. Saa 11 alfajiri, mazoezi. Rangi zilikuwa bado zinang'aa. Mlango ukalala upande kama zamani.

"Na huo?" sauti ikatoka kitandani.

Nikainama kufunga kamba za viatu, na sitawadanganya, nilizifunga polepole ili nilifaidi neno lenyewe.

"Mke wangu, si unaona nilivyobanwa?"

Nikaikunja ratiba mara nne, nikairudisha kwenye upenyo wake, nikatoka gizani.