Ramani ya Mapito na Hati ya Shamba: Somo la Amboseli

Hifadhi ya Taifa ya Amboseli ina kilomita za mraba 392. Kwenye ramani ya Kenya ni kidoa tu kaskazini ya Kilimanjaro, na tembo wake wanaokaribia elfu mbili hawawezi kuishi ndani ya kidoa hicho mwaka mzima. Mvua zikinyesha wanatawanyika. Wengine hupitia Kimana, mashariki ya hifadhi, kuelekea vilima vya Chyulu na Tsavo, wengine huenda kusini, wakavuka mpaka na kuingia misitu ya Kilimanjaro upande wa Tanzania. Wakishatoka hifadhini, sehemu kubwa ya safari hizo ni katika ardhi ya watu: malisho, mashamba, viwanja vyenye hati.

Kwa hiyo swali la kuchora ramani ya mahali bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, inapoweza kuokolewa au kurudishwa, kisha kuiingiza ramani hiyo katika mipango ya kaunti na vijiji, ni swali la jirani na jirani kabla halijawa la wataalamu. Mwaka 2017 serikali ya Kenya ilitoa ripoti iliyochora mapito na maeneo ya mtawanyiko wa wanyamapori katika nyanda za malisho na ukanda wa pwani. Kazi hiyo ilihitajika sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuwa umeonyesha kwamba wanyamapori katika nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa asilimia 68 tangu 1977. Ila ripoti inachora tu. Kazi ya kuamua nani ajenge nini wapi ni ya ofisi nyingine.

Yaliyotokea Kimana mwaka 2020 yanaonyesha pengo hilo. Kampuni moja ilianza kulima parachichi katika ekari 180, ikazungusha uzio. Mpango wa usimamizi wa mfumo-ikolojia wa Amboseli ulikuwa umetenga eneo hilo kwa mifugo na wanyamapori, na bado mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa kibali. Majirani na wahifadhi walipopaza sauti, NEMA ikageuka na kukifuta. Shauri likafika kwenye baraza la kitaifa la rufaa za mazingira, na mwaka 2021 baraza likasimama na uamuzi wa kufuta.

Wengi wetu tunaopenda tembo tulishangilia. Nami nilishangilia. Hata hivyo hoja za upande wa pili hazistahili kupuuzwa. Ardhi ile ilikuwa na hati. Mwekezaji aliahidi ajira mahali ambapo kijana asiye na ng'ombe hana mengi ya kufanya. Kimana yenyewe ina chemchemi zinazolishwa na mlima, na nyanya na vitunguu vimelimwa huko kwa miaka mingi. Mtu aliyekaa akiona jirani yake akiuza nyanya sokoni ana haki ya kuuliza kwa nini mstari umepita kwake na si kwa yule.

Sheria nayo inavuta pande mbili. Kifungu cha 40 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda mali ya mtu. Kifungu cha 66 kinairuhusu serikali kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya mipango ya matumizi ya ardhi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaka kaunti ziwe na mpango wa ardhi wa miaka kumi wenye ramani. Kisheria, basi, kaunti ya Kajiado, iliyo na Amboseli na Kimana, inaweza kusema hapa ni malisho, uzio usiwekwe. Kilichokosekana Kimana ni mpangilio wa kazi: ramani ilikuwa kwenye meza moja, na muhuri wa kibali kwenye meza nyingine. Mwekezaji alishatumia pesa zake, na mwenye ardhi alishajenga matumaini, ndipo watu wakakumbushana kuhusu mapito ya tembo.

Kwa maoni yangu kosa kubwa zaidi lilitangulia, ranchi za kikundi, yaani ardhi waliyoimiliki wafugaji kwa pamoja, zilipogawanywa. Ranchi ya Kimana iligawanywa kwa wanachama wake, kila mmoja akapata kipande chake. Mpimaji alipokuwa akipanda vigingi ndipo palipokuwa na nafasi ya kuviweka viwanja kando ya mapito na kuyaacha mapito yenyewe kuwa mali ya wote, kama ilivyo kwa barabara. Hati zikishatoka, kila mstari wa mhifadhi unamkuta mtu mwenye jina lake kwenye karatasi.

Ng'ambo ya mpaka mambo yamekaa tofauti. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji usimamizi wa ardhi yake. Mpango wa matumizi bora ya ardhi hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Enduimet, wilayani Longido, inategemea makubaliano ya namna hiyo, na ndiyo inayowapokea tembo wanaotoka Amboseli. Uzuri wake ni kwamba wanakijiji wanaamua kabla ya vigingi. Udhaifu wake ni kwamba kila kijiji kinaamua peke yake, na kijiji kimoja kikibadili mawazo mapito yote yanakatika.

Tena kuna jeraha lisilosahaulika. Juni 2022, maofisa walipokwenda Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kuweka alama za mpaka wa eneo la kilomita za mraba 1,500 lililotengwa kwa wanyamapori, kulizuka mapambano na baadhi ya wakazi wakakimbilia Kenya. Baada ya hayo, mfugaji anayemwona mgeni na kifaa cha GPS malishoni hamwoni mtafiti. Anaona mtu aliyekuja kumwondoa. Anayetaka kuchora fursa za bioanuwai kaskazini mwa Tanzania leo aanze kwa kukubali kwamba hofu hiyo ina sababu.

Ndiyo maana napendelea ramani inayoanza na kile wafugaji wanachokijua. Wamaasai wamekuwa wakipanga ardhi kabla ya ofisi yoyote ya mipango: malisho ya masika mbali, ya kiangazi karibu na maji, na olopololi, kipande kinachotengwa kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu. Katika nyanda za Amboseli akina mama wanafufua ardhi iliyokauka kwa kutenga viwanja vya nyasi, na matuta ya nusu mwezi yanachimbwa kukinga maji. Nyasi hizo anazila ng'ombe na pundamilia pia. Ramani inayoonyesha pale nyasi zinapoweza kurudi ina nafasi kubwa zaidi ya kukubaliwa kijijini kuliko ile inayoonyesha tu pale uzio usipotakiwa. Iangalie na miaka mibaya pia: kati ya Februari na Oktoba 2022 ukame uliua tembo 205 nchini Kenya, na mapito yaliyochorwa kwa kufuata kola za GPS walizofungwa tembo mwaka wa mvua hayatatuonyesha wanyama wanakimbilia wapi mwaka kama huo.

Mwishowe tunafika kwenye pesa, na hapa siwezi kukubaliana na wahifadhi wenzangu wanaosema utalii utalipa. Mwaka 2013 IFAW, shirika la kimataifa la ustawi wa wanyama, lilikodi ekari 16,000 za ushoroba wa Kitenden kutoka kwa wanachama wa ranchi ya kikundi ya Olgulului, na njia ya Kilimanjaro ikabaki wazi. Ni mfano mzuri, lakini kodi hiyo ilitegemea mfadhili. Nyingine hutegemea wageni wa hoteli, na wageni walipokatika mwaka 2020 kwa sababu ya Uviko-19, hifadhi nyingi za jamii zilihangaika kuwalipa wenye ardhi. Parachichi inajulikana bei yake sokoni. Kuacha njia wazi nako kunahitaji bei inayojulikana. Kaunti ikitangaza mapito katika mpango wake wa miaka kumi, katika bajeti ya mwaka huohuo uwepo mstari wa kodi ya ekari, unaolipwa mwenye hati muhula wa shule unapoanza, watalii waje wasije.